Je, Wajua? Upendo wa Mungu Usiobagua, kutoka Mutakura hadi Buta

Je, wajua kwamba tamko maarufu kuliko yote la Wakristo kuhusu upendo wa Mungu limo katika waraka mfupi wa sura 5 tu? Ni Waraka wa Kwanza wa Yohana. Katika sura ya 4 mwandishi anatamka mara mbili, aya ya 8 na ya 16, kwamba Mungu mwenyewe ndiye upendo. Wengi wetu tunaishia hapo kwa kuwa hapo panapendeza. Tukisonga hadi aya ya 20 neno linakuwa zito: anayedai kumpenda Mungu huku akimchukia ndugu yake anaitwa mwongo, bila kuzungushiwa maneno. Kwa anayeisoma sura hiyo Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, aya ya 20 ndiyo inayomgusa penye jeraha.

Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vikazuka, na mitaa ya kaskazini ikagawanyika kwa kabila. Kamenge na Kinama zikajulikana kuwa za Wahutu, Ngagara ya Watutsi. Mitaa iliyochanganyika, kama Cibitoke na Mutakura, ikapoteza majirani wa miaka mingi: wapo waliouawa, wapo waliokimbia na watoto mgongoni. Warundi wengi ni Wakristo, na Wakatoliki ndio wengi zaidi miongoni mwao. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wameketi benchi moja kanisani na kuitikia sala moja. Hilo lazima lisemwe kwanza, ndipo tuseme mema yaliyofuata.

Je, wajua kwamba miaka miwili kabla ya vita kulikuwa tayari na mahali palipoandaliwa kuwakutanisha vijana wa mitaa hiyo? Mwaka 1991 wamisionari Wasaveri walianzisha Kituo cha Vijana Kamenge, kwa ajili ya vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Mutakura, Ngagara na Buterere. Kwa miaka mingi kiliongozwa na padre Mwitaliano, Claudio Marano. Kilikuwa na maktaba, viwanja vya michezo, muziki na masomo, vitu ambavyo kijana yeyote angevifuata bila kuhubiriwa. Vita vilipofika, kituo hakikuchagua upande. Vijana ambao kwao mtaa wa pili ulikuwa mtaa wa adui walikutana humo, na wakati wa likizo walikwenda pamoja kwenye kambi za kazi, wakafyatua matofali na kuzijenga upya nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood ya nchini Sweden, ambayo wengi huiita Nobel mbadala.

Msingi wa kazi ya namna hiyo uko katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo. Yesu anapoagiza wafuasi wake wawapende maadui, hasemi faida watakayoipata. Sababu anayoitoa ni tabia ya Mungu: jua lake huwawakia wema na wabaya, mvua yake huwanyeshea wenye haki na wasio na haki. Mtoto hufanana na baba yake, basi ampendaye adui anafanana na Mungu. Fundisho hili husomwa haraka mno makanisani, kana kwamba ni ushauri kwa watakatifu wachache. Nionavyo mimi, ndilo fundisho gumu kuliko yote katika Injili, na vijana waliobebeana matofali wamelielewa kuliko wengi wetu tunaolikariri.

Je, wajua kwamba yule mwana mpotevu hakumaliza hotuba yake? Fungua Luka 15 ulinganishe aya ya 19 na ya 21. Akiwa bado ugenini, kijana anapanga maneno atakayomwambia baba yake, pamoja na ombi la kufanywa kama mmoja wa vibarua. Anapofika, ombi hilo halisikiki kabisa, maana baba ameshaanza kuagiza vazi, pete na viatu. Kabla ya hapo mzee alikuwa amemwona kwa mbali akamkimbilia, na mzee wa heshima akikimbia njiani, hata Burundi watu husimama kutazama. Hapa ndipo penye kiini cha mafundisho ya Kikristo kuhusu upendo huu: unatangulia toba, hauisubiri. Paulo analirudia hilo katika Warumi 5, anaposema Kristo alikufa kwa ajili ya watu wakiwa bado wenye dhambi.

Upendo kutangulia toba hakumaanishi kosa lisitajwe. David Niyonzima, mchungaji wa kanisa la Waquaker nchini Burundi, alikuwa akifundisha mwaka 1993 wanajeshi walipoivamia shule na kuwaua wanafunzi wake wanane. Yeye alijificha akapona. Baadaye alikutana na mmoja wa wahusika, akamwambia amemsamehe, kisha akaendelea na huduma ya kuwatibu watu wenye majeraha ya nafsi, kwa sababu alijua msamaha haufuti kilichotokea.

Je, wajua kwamba Mrundi Marguerite Barankitse alifungwa kamba ashuhudie mauaji? Ilikuwa Ruyigi, tarehe 24 Oktoba 1993. Watu 72 waliuawa mbele ya macho yake, kwa mikono ya watu wa kabila lake mwenyewe, Watutsi. Aliwaokoa watoto 25, na kutoka hapo ikazaliwa Maison Shalom, nyumba iliyowalea watoto wa Kihutu na wa Kitutsi pamoja. Mwaka 2015 ilimbidi aikimbie nchi, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya Aurora mjini Yerevan.

Ingeandikwa pia habari ya Papa Benedikto wa 16, aliyeuchagua upendo wa Mungu kuwa mada ya waraka wake wa kwanza, wa tarehe 25 Desemba 2005. Lakini Burundi ina waraka wake ulioandikwa kwa damu.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 wapiganaji waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Arobaini wakauawa pamoja. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, alinusurika na baadaye akaandika kitabu juu yao. Walikuwa vijana wa shule tu, na asiyekuwa wa kabila lililotafutwa na wauaji hao angeweza kujiokoa kwa kusogea hatua chache.

Mwaka 2019 jimbo la Bururi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Katika kesi hiyo moja wamo vijana 40 wa makabila yote mawili. Yumo pia padre na mshairi Mrundi Michel Kayoya, aliyeuawa mwaka 1972. Wamo na Waitaliano watatu waliouawa Buyengero mwaka 1995: mapadre Wasaveri Ottorino Maule na Aldo Marchiol, na mlei Catina Gubert. Jumla yao ni 44, na Kanisa linawaita mashahidi wa udugu.