Kitasa cha kiini: umlipe fundi, ununue vifaa au uagize kilicho tayari?

Ufunguo wa darasa ukipotea katika shule nyingi za Marekani, kitasa hakifunguliwi hata skrubu moja. Mtunza jengo anakuja na ufunguo wake maalumu wa kuchomolea, anauingiza, anauzungusha kulia nyuzi 15 tu, na kiini kizima cha kitasa kinamfuata mkononi. Anasukuma kiini kingine mahali pake, anamkabidhi mwalimu ufunguo mpya na kwenda zake. Mfumo huu ulibuniwa na Frank Best wa Seattle takriban miaka mia moja iliyopita, na kampuni yake baadaye ikaweka makao Indianapolis. Kiini chake kidogo chenye umbo la namba 8 kina saizi ileile kikiwa kwenye kitasa cha mlango, kwenye kufuli au kwenye kabati la ofisi, na hapo ndipo ulipo uzuri wake.

Wepesi huo wa mlangoni umelipiwa kwingine, kwenye meza ya fundi. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya kitasa na kitasa, kisha wanasahau kuuliza swali lenye pesa nyingi zaidi: nani atakayekuwa akivijaza viini hivyo pini, leo na miaka kumi ijayo? Ukishapata jibu, kuchagua kitasa ni rahisi.

Ili uone kinacholipiwa, tuchukue kiini cha matundu 7. Kila tundu linaweza kubeba vipande sita, kuanzia chini: pini ya chini, pini ya ufunguo mkuu, pini ya kuchomolea, pini ya juu, springi na kifuniko kidogo cha shaba. Kiini kilichojaa kina vipande hadi 42, na pini zake ni nyembamba kuliko zile za vitasa vya kawaida. Katika mfumo uliozoeleka zaidi, unaoitwa A2, urefu wa pini huhesabiwa kwa hatua za inchi 0.0125, yaani pungufu kidogo ya theluthi moja ya milimita. Macho peke yake hayatoshi kutofautisha hatua moja na nyingine, ndiyo maana fundi huwa na kasha lenye vyumba vilivyoandikwa namba, kibanio cha kuokotea pini na kipimo cha kusomea majino ya ufunguo.

Halafu inakuja hesabu. Kiini hiki kina mistari miwili ya kuzungukia: wa chini ni wa kufungua mlango, wa juu ni wa kuchomoa kiini, na kati yake kuna bomba jembamba lenye unene wa hatua 10. Jumla ya pini katika kila tundu la A2 lazima iwe 23, isipungue wala isizidi. Tuseme kwenye tundu fulani ufunguo wa mwalimu umekatwa kina cha 3, ufunguo mkuu 7, na ufunguo wa kuchomolea 5. Pini ya chini itakuwa 3. Pini ya ufunguo mkuu ni 7 toa 3, yaani 4. Pini ya kuchomolea ni 5 jumlisha 10, toa 7, yaani 8. Inayobaki ya juu ni 23 toa 15, yaani 8. Jumlisha zote: 3, 4, 8 na 8 ni 23. Fundi anarudia hivyo matundu yote saba, kwa kila kiini, kwa kila mlango. Programu za kompyuta siku hizi zinapiga hesabu hiyo, ila mkono wa kuokota pini bado ni wa mtu.

Pini zikishaingia, kiini hukazwa kwenye kitalu cha chuma, springi zinawekwa, na vifuniko vinagongwa kwa nyundo na kishindilio au kukandamizwa kwa mashine ndogo ya mkono. Ukikosea baada ya hapo, unachomoa ufunguo, unapitisha kichokoo cha chuma kwenye kitundu cha chini ya kiini na kugonga, ili pini, springi na kifuniko vitokee juu. Springi na kifuniko hicho hutupwa, unaweka vipya. Hasara ya vipande ni senti. Inayouma ni hasara ya muda.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la mstari wa juu. Pini ya kuchomolea ikiwa na urefu usio sahihi, mlango utafunguka vizuri tu kwa ufunguo wa kila siku, na hakuna atakayejua kuna tatizo mpaka siku mtu anataka kukitoa kiini. Siku hiyo kitagoma, na huenda dawa ikawa ni kukitoboa. Kwa hiyo, yeyote utakayempa kazi, mtake ajaribu funguo zote tatu mbele yako kabla kiini hakijaondoka mezani, na ukione kwa macho yako kijino cha ubavuni kinachoshikilia kiini kikirudi ndani pale ufunguo wa kuchomolea unapozungushwa.

Sasa gharama. Kuagiza viini vilivyokwisha kujazwa na kiwanda au muuzaji kunakupa kazi safi na kumbukumbu ya namba zote, lakini unasubiri kila agizo. Kumlipa fundi kwa kila kiini kunamfaa mwenye milango michache. Vifaa vyako mwenyewe ni mzigo mzito mwanzoni: kasha la pini, kitalu na mashine ya kukata funguo kwa namba, na hiyo ya mwisho peke yake hugharimu mamia ya dola. Usidhani utaikwepa kwa mashine ya kunakilia ya dukani. Mashine nyingi za namna hiyo hupima kutoka begani mwa ufunguo, wakati ufunguo wa viini hivi hupimwa kutoka nchani, na kila nakala ya nakala hubeba makosa ya iliyotangulia.

Piga hesabu kwa bei za kwenu. Kwa mfano, fundi akitoza dola 20 kwa kila kiini na vifaa vyote vikakufikia dola 1,000, gharama itarudi baada ya viini 50, kabla hujahesabu mshahara wa mfanyakazi na mafunzo yake. Chuo chenye mabweni hufika huko mapema. Kanisa, msikiti au shule ya chekechea haitafika, na ningeishauri badala yake inunue viini vichache vya akiba vilivyokwisha kujazwa, ivifungie kabatini. Ufunguo ukipotea Jumamosi, akiba hiyo ina thamani kuliko kasha lolote la pini.

Kuna pia uchaguzi wa saizi. Schlage, Sargent, Corbin Russwin na Yale wana viini vikubwa vya kwao, na kwa kawaida cha mmoja hakiingii kwa mwingine, hivyo unajifunga kwa mtengenezaji mmoja. Kiini kidogo cha namba 8 kinatengenezwa na kampuni nyingi, Arrow na Falcon zikiwemo, kwa hiyo bei zinashindana. Hata funguo zisizochongwa zilishafika mahakamani: mwaka 1996, katika kesi ya Best Lock dhidi ya Ilco Unican, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema umbo la ubapa wa ufunguo linatokana na kazi yake, hivyo hataza ya umbo haikusimama. Faida yake ni funguo rahisi kupatikana. Hasara yake ni hiyohiyo. Ukitaka njia ya ufunguo isiyouzwa kila duka, utalipa zaidi, na kwa vyumba vya dawa au fedha pesa hiyo si ya kubania.

Msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi asikimbilie kuagiza haya yote. Kama mlango wako una silinda ya Kizungu, ile inayoshikiliwa na skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, tayari unaweza kuibadilisha bila kugusa kitasa. Ni kazi ya dakika chache badala ya sekunde, na kwa nyumba au ofisi ndogo tofauti hiyo haistahili gharama.

Ukiamua kununua viini, usilipe hadi upewe kwa maandishi mambo matatu: aina ya mfumo, kwa kuwa pini za A2 hazifai kwenye A3 wala A4, namba za mikato ya kila ufunguo, na ufunguo wa kuchomolea wenyewe, usibaki dukani kwa muuzaji. Kisha uufungie ufunguo huo kwenye sefu, mbali na funguo nyingine, kwa sababu anayeushika anaweza kukitoa kiini cha kila mlango wa jengo lako.