Arseniki mshipani, malaria katika damu: matibabu yaliyoponya kwa kuumiza mwili

Kwa zaidi ya nusu karne, mgonjwa wa malale aliyefika hospitalini Kongo akiwa amechelewa alipigwa sindano yenye arseniki, sumu ile ile ambayo watu wa zamani walitumia kuua panya. Daktari alijua. Muuguzi aliyeshika sindano alijua. Na mara nyingi jamaa za mgonjwa walijua pia, maana habari zilikuwa zimekwisha kuzunguka vijijini: kati ya watu 20 wanaotibiwa kwa dawa hiyo, mmoja hivi harudi nyumbani.

Dawa hiyo inaitwa melarsoprol. Katika vituo vingi vya afya ilijulikana kwa jina la kibiashara, Arsobal. Ilivumbuliwa na mtafiti wa Uswisi, Ernst Friedheim, na ilianza kutumiwa mwaka wa 1949. Kwa wale wanaojiuliza namna gani mganga mwenye akili timamu anaweza kumpiga mtu sindano ya sumu, jibu liko katika ugonjwa wenyewe.

Malale, au ugonjwa wa usingizi, huletwa na kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho huingia mwilini mtu anapoumwa na nzi tsetse. Mwanzoni kidudu hukaa katika damu na tezi. Mgonjwa ana homa inayokuja na kwenda, kichwa kinauma, tezi za shingo zinavimba. Baada ya miezi, hata miaka, kidudu kinaingia katika ubongo. Hapo mtu anaanza kulala mchana na kukesha usiku, anasema maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali kwa watu wake au analia bila sababu. Asipotibiwa, karibu kila mara anakufa.

Shida ni kwamba ubongo una ulinzi wake. Dawa nyingi zinazozunguka katika damu hazipiti kuingia huko. Melarsoprol ilipita. Ndiyo sababu ilikubaliwa pamoja na ubaya wake wote.

<b>«Moto ndani ya mishipa»</b>

Ubaya huo haukuwa mdogo. Dawa haikuyeyuka katika maji, kwa hiyo ilichanganywa na kemikali ya aina inayotumiwa pia katika maji ya rejeta ili yasigande wakati wa baridi. Iliharibu plastiki, kwa hiyo wauguzi walizoea kutumia sindano za kioo. Tone likitoka nje ya mshipa, nyama ya mkono ilivimba na kuoza. Wagonjwa wengi walieleza kwamba waliposhindiliwa dawa waliona kama moto unatembea ndani ya mishipa.

Lakini jambo lililowaogopesha waganga zaidi lilikuwa lingine. Kati ya wagonjwa 100, watano hadi kumi waliumizwa ubongo na dawa yenyewe. Mtu aliyekuwa anaendelea vizuri aliweza kushikwa na kifafa ghafla na kupoteza fahamu. Karibu nusu ya waliopatwa na hali hiyo walikufa. Hakuna aliyeweza kujua mapema nani atapatwa.

Hesabu ilikuwa hiyo: ukimwacha mgonjwa atakufa, ukimtibu huenda ukamuua wewe mwenyewe, lakini wengi watapona. Ni rahisi kuisema mezani. Si rahisi mbele ya mama aliyemleta mtoto wake akiwa anatembea kwa miguu.

Na melarsoprol ilikuwa afadhali ya zilizoitangulia. Mwaka wa 1906 na 1907, Mjerumani Robert Koch alijaribu atoxyl, dawa nyingine ya arseniki, katika visiwa vya Sese kwenye ziwa Victoria, Uganda. Baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa. Mwaka wa 1920 daktari Mmarekani, Louise Pearce, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kujaribu tryparsamide. Iliponya wengi, hata Ubelgiji ikampa nishani, lakini nayo ilikuwa hatari kwa macho. Miaka michache baadaye, katika eneo la Bafia huko Kameruni, daktari mmoja wa kikosi cha Wafaransa aliongeza kipimo cha dawa hiyo akidhani anasaidia. Watu wapatao 700 wakapoteza macho yao.

Ikumbukwe pia kwamba wakati wa ukoloni wakaaji walipangwa mstari na kuguswa shingo kutafuta tezi. Aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa, na kukataa hakukuwa rahisi. Hofu ya sindano ya malale katika Kongo ina mizizi mirefu, na haikutokana na ujinga.

Hofu hiyo ilikuwa na bei yake. Watafiti waliowauliza wakaaji wa Kasaï miaka kumi na zaidi iliyopita kwa nini hawaji kupimwa, walielezwa miiko ambayo mgonjwa aliyetibiwa alipaswa kushika kwa miezi sita: asilale na mke au mume, asile chakula cha moto, asifanye kazi nzito, asitembee juani. Kwa mkulima, miezi sita bila kazi na bila jua ni njaa. Wengi waliona heri wasijue kama wanaugua. Na kila aliyebaki kijijini na ugonjwa alikuwa chakula cha tsetse, akiupitisha kwa jirani.

<b>Homa dhidi ya wazimu</b>

Kongo haikuwa peke yake kutibiwa kwa kuumizwa. Huko Vienna, Austria, daktari Julius Wagner-Jauregg alikuwa anawatunza watu ambao kaswende, au sifilisi, ilikuwa imefika katika ubongo wao. Walipoteza akili, kisha nguvu za mwili, kisha uhai. Dawa haikuwepo. Lakini yeye alikuwa ameona kwamba mgonjwa wa akili akishikwa na homa kali, mara nyingine akili yake inarudi.

Mwezi wa sita mwaka wa 1917, wakati wa vita kuu vya kwanza, askari mmoja mwenye malaria aliletwa katika hospitali yake. Badala ya kumpa kinini mara moja, Wagner-Jauregg alichukua damu yake na kuwapandikiza wagonjwa wa kaswende. Aliwaambukiza malaria kwa makusudi.

Mtu wa Kindu au Uvira akisikia habari hii atafikiri ni mzaha. Lakini ilifaa. Homa ya kupanda na kushuka ilidhoofisha vijidudu vya kaswende, na baada ya vipindi kadhaa vya homa mgonjwa alipewa kinini ili malaria ikome. Ilitumiwa aina ya malaria iitwayo vivax, isiyo kali sana kama falciparum inayoua watoto Kongo. Hata hivyo wagonjwa wengine walikufa kwa malaria waliyopewa hospitalini. Wengine walirudi makwao na hata kazini. Mwaka wa 1927 Wagner-Jauregg alipewa tuzo ya Nobel, na matibabu hayo yalienea Ulaya na Marekani hadi penisilini ilipofika katika miaka ya 1940.

Kuna jambo moja ambalo sifa za tuzo zinalificha. Wagonjwa wale walikuwa wamepoteza akili. Hawakuweza kusema ndiyo wala hapana. Sawa na wale waliopangwa mstari Kongo, mwingine alikata shauri juu ya mwili wao.

<b>Kuvunja mfupa ili ukue</b>

Katika mji wa Kurgan, Siberia, baada ya vita kuu vya pili, daktari Gavriil Ilizarov alizungukwa na askari waliorudi na miguu iliyovunjika vibaya, mifupa isiyoshikamana na miguu iliyobaki mifupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza pete za chuma zinazozunguka mguu kwa nje, zikishikwa na nyaya nyembamba zinazopenya nyama na mfupa.

Kisha akafanya lisilotarajiwa. Alikata mfupa mzima, akaacha siku chache upite mwanzo wa kupona, halafu akaanza kuvitenganisha vipande viwili kwa kukaza nati kidogo kidogo: milimita moja kwa siku, ikigawanywa mara nne. Mwili, ukidhani unaziba ufa, unajaza nafasi hiyo kwa mfupa mpya. Ukivuta upesi, mfupa haukui. Ukivuta pole mno, unafunga kabla ya wakati. Kurefusha mguu kwa sentimita tano kunachukua siku 50 za kuvuta tu, na miezi mingi zaidi ya kungoja mfupa ukomae, mgonjwa akiwa na vyuma mguuni na maumivu.

Wakubwa wa udaktari huko Moscow hawakumjali kwa miaka mingi. Mambo yalibadilika mwaka wa 1968 alipomtibu Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjwa na ajali ya pikipiki. Leo vyuma vya namna hiyo vinatumiwa pande nyingi za dunia kwa waliojeruhiwa na risasi, mabomu na ajali za barabarani.

<b>Gesi ya vita ikawa dawa</b>

Dawa za kwanza za kemikali dhidi ya kansa nazo zilitoka mahali pabaya: gesi ya haradali, silaha iliyochoma ngozi na mapafu ya askari katika vita vya 1914 hadi 1918. Waganga waliochunguza maiti waliona kwamba gesi hiyo ilikuwa imekausha chembe nyeupe za damu. Kwenye chuo kikuu cha Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman wakajiuliza: kama inaua chembe hizo kwa mtu mzima, je, kwa mtu ambaye chembe hizo zimekuwa kansa? Mwaka wa 1942 mgonjwa wa kwanza alipewa dawa ya jamii hiyo. Uvimbe wake ulipungua kwa ajabu, kisha ukarudi, na akafa. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Cyclophosphamide, mjukuu wa gesi ile, bado inatumiwa. Ni mojawapo ya dawa za uvimbe wa Burkitt, ule unaovimbisha taya za watoto na ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka wa 1958. Nywele zinaanguka, mtoto anatapika, damu inapungua. Wazazi wengine wakiona hivyo hukimbia na mtoto wao, wakidhani hospitali inamuua. Mara nyingi hakuna aliyekaa nao kuwaeleza mapema kwamba yale wanayoyaona yatakuja, na kwa nini.

Tena si kila maumivu ni dawa. Katika nchi nyingi za Afrika ya mashariki na kati, watoto wachanga bado wanakatwa kilimi ili kikohozi kiishe. Arsobal, pamoja na ukali wake, ilihesabiwa: wangapi wamepona, wangapi wamekufa, na kuna njia gani nyingine. Kwa kilimi hakuna hesabu, kuna damu tu, na mara nyingine mtoto anakufa kwa kutokwa nayo.

<b>Kutoka kioo hadi kidonge</b>

Hesabu hizo ndizo zilizoangusha melarsoprol. Katika miaka ya 1990, msaada wa kigeni ulikatwa, vikosi vya kupima vijijini vikasimama, vita vikafuata. Mwaka wa 1998 Kongo iliandika wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Na katika maeneo mengine ya Afrika ya kati, hadi wagonjwa 30 kati ya 100 hawakuponywa tena na arseniki. Waganga walikuwa wanaua mmoja kati ya 20 kwa dawa iliyokuwa imeanza kushindwa.

Mwaka wa 2009 tiba ya NECT, yaani dawa mbili pamoja, ilianza kuchukua nafasi yake. Haikuwa na arseniki, lakini ilitaka perfizio 14 kwa siku saba, jambo gumu kwa kituo cha porini kisicho na umeme. Ndipo likaja jaribio la vidonge vya fexinidazole, likiongozwa na Mkongomani, daktari Victor Kande. Wagonjwa 394 waliokuwa katika hatua ya mwisho walishiriki, karibu wote katika Kongo. Zaidi ya 90 kati ya 100 waliopewa vidonge walipona. Mwisho wa mwaka wa 2018 Kongo ilikubali dawa hiyo, na mwaka huo huo, kwa mara ya kwanza, wagonjwa walioandikwa dunia nzima walikuwa chini ya 1,000.

Vidonge hivyo vinamezwa mara moja kwa siku, kwa siku kumi. Vina sharti moja ambalo muuguzi lazima alisimamie, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa haiingii vya kutosha katika damu. Kwa hiyo asubuhi, mahali ambapo zamani sindano ya kioo ilitayarishwa na jamaa walisubiri nje wakiomba, swali la kwanza kwa mgonjwa sasa ni kama amekula.