Wevi wa Jasho la Wazazi

Kila mwaka, ufikapo msimu wa Oktoba na Novemba, vijana kwa maelfu hutoka katika wilaya zote za Tanzania kwenda kuanza masomo katika vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mwanza na kwingineko. Nyuma ya kila mmoja wao wako watu wasioonekana: mkulima aliyeuza mahindi yake kabla ya bei kupanda, mama aliyekopa katika kikundi chake, mfanyakazi wa kiwandani aliyeahirisha kuezeka nyumba yake. Fedha anazokwenda nazo kijana huyo ni jasho la watu hao. Kwa hiyo anayemwibia mwanafunzi huwa ameiba mara mbili: amemwibia aliyezishika fedha, na amewaibia waliozichuma.

Hapo zamani mwivi alikuja usiku, akatoboa ukuta au akavunja dirisha, na mbwa wakibweka watu walitoka na marungu. Mwivi wa leo huja mchana kwa sauti ya upole, na mlango hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Havunji kitu. Humtafuta tu mtu mwenye haraka na asiyeuliza.

Tuanze na simu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iliingia nchini mwaka 2008, na imekuwa neema kubwa kwa wanyonge. Mzazi aliye Songea humtumia mwanawe aliye Dar es Salaam fedha ya chakula kabla chai haijapoa. Lakini wevi nao wameiona njia hiyo. Mwanafunzi hupata ujumbe unaosema amepokea shilingi kadhaa, kisha mtu humpigia akilia kwamba amekosea kutuma, na kwamba fedha zile ni za matibabu ya mtoto. Kijana mwenye huruma hurudisha upesi fedha ambazo hakuzipokea kamwe, maana ujumbe ule uliandikwa na tapeli mwenyewe. Dawa yake ni ndogo: tazama salio kwanza. Na ikiwa fedha imeingia kweli kwa makosa, kazi ya kuirudisha ni ya kampuni ya simu, na anayedai aende huko.

Kuna na hila za msimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa kwa awamu fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Wevi huijua kalenda hiyo vema. Hapo hutokea mtu anayejiita ofisa, akaahidi kumwongezea kijana mkopo, au kumwingiza aliyekosa, kwa malipo kidogo ya kushughulikia faili. Twasema wazi: hakuna mkopo wa serikali unaonunuliwa kwa kutuma fedha katika namba ya mtu binafsi. Dalali anayetaka kodi ya chumba ambacho hajakionyesha, na mwajiri anayedai ada kabla ya usaili, hao nao ni wa ukoo huo huo.

Wazee wetu pia hawakusalimika. Baba hupigiwa simu akiwa kazini, akaambiwa kwamba mwanawe ameanguka ghafla, yuko hospitalini, na fedha zahitajika sasa hivi. Mzazi gani hatatetemeka? Kwa hiyo tunawaomba wazazi wachukue mapema namba ya mtu anayelala chumba kimoja na mtoto wao, na namba ya mlezi wa bweni. Kabla ya kutuma hata shilingi, wampigie mtoto mwenyewe, na asipopatikana, wawapigie hao.

Wizi wa pili ni wa jina, nao ni mbaya kuliko wa fedha, kwa sababu fedha huisha siku moja lakini jina huendelea kuibiwa. Tangu mwaka 2019 laini za simu zilipoanza kusajiliwa nchini kwa alama za vidole, kidole cha raia kimekuwa sahihi yake. Wako mawakala wa barabarani wasio waaminifu ambao humwambia kijana kuwa mashine haikusoma, aweke kidole tena. Mara ya kwanza husajiliwa laini yake. Mara ya pili husajiliwa laini ya mtu asiyemjua, kwa jina lake. Siku laini hiyo itakapotumika kutapeli, askari watamtafuta yeye. Basi kila mwananchi abonyeze *106# katika simu yake aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiona asiyoijua aende kwa kampuni ya simu ifungwe.

Jina huibiwa pia dukani. Vijana wengi huomba mikopo na nafasi za vyuo katika maduka ya kuchapa na kutoa nakala. Karani humtengenezea anwani ya barua pepe, humchagulia neno la siri, na kulihifadhi katika daftari lake. Vyeti na picha ya kitambulisho hubaki katika kompyuta ya duka, ambapo kila apitaye aweza kuvifungua. Tusiwalaumu makarani wote. Wengi wao huwasaidia watu kwa uaminifu. Lakini mwanafunzi akitoka hapo abadilishe neno la siri siku ile ile, na ahakikishe nyaraka zake zimefutwa. Nchi yetu ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizo ni silaha njema, ila silaha haimlindi mtu aliyeiacha ukutani.

Wizi wa tatu ni wa bwenini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14. Mgeni akiingia katika nyumba ya watu 14, hujulikana kabla hajaketi. Mwaka 2017 chuo hicho hicho kilifunguliwa hosteli zenye majengo 20 kwa wanafunzi 3,840. Hayo ni maendeleo ya kujivunia, lakini katika watu elfu kadhaa nani atamjua mgeni? Na katika vyuo vingi bado kuna desturi ya kubebana, ambapo aliyepata kitanda humkaribisha aliyekosa. Desturi hiyo imezaliwa na upungufu wa vyumba, tena ina utu ndani yake. Lakini chumba kinachoingiwa na watu wengi hakina mlinzi. Mwivi huvaa shati safi, hubeba madaftari, huingia saa ya vipindi au saa ya kuoga, na hutoka na kompyuta ya mtu mkobani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi abonyeze *#06# aandike tarakimu 15 za simu yake, aandike pia namba iliyo chini ya kompyuta yake, na karatasi hiyo aiache nyumbani. Simu ikiibiwa, namba hiyo pamoja na ripoti ya polisi ndizo zitakazowezesha simu kufungwa isitumike katika mitandao ya nchini. Awe na kufuli lake mwenyewe katika kabati, na wenzi wa chumba wapatane kwamba hakuna atokaye, hata kwenda msalani, akauacha mlango wazi.

Lakini kuna adui mmoja anayewasaidia wevi hawa kuliko wengine wote, naye ni aibu. Kijana aliyetapeliwa huona haya kuwaambia wenziwe, wasije wakamcheka kwamba msomi mzima amedanganywa. Huogopa zaidi kumwambia baba. Hivyo hunyamaza, na hutafuta fedha ya kuziba pengo kwa wakopeshaji wa kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Wako wakopeshaji wa namna hiyo wanaochukua namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji, kisha huwatangazia jamaa zake deni lake. Ndivyo kijana aliyeibiwa mara moja anavyoibiwa mara ya pili, na aibu aliyoikimbia humpata ikiwa imekua. Wengine huacha masomo.

Hapo ndipo tunapotaka kila mmoja wetu abadilike. Mzazi, mwanao akikuambia ameibiwa, usianze na matusi. Mwulize lini, kwa namba gani, kisha mpeleke polisi. Mwanafunzi, ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, hata kama hukupoteza kitu, maana aliyekukosa wewe leo atampata mwenzako kesho. Wakuu wa vyuo, wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya isiishie kwenye ratiba na maktaba; waelezwe hila hizi kwa majina yake, na milango ya mabweni iwe na daftari la wageni linaloandikwa kweli. Makampuni ya simu nayo yawajibike kwa mawakala wao, kwani haifai kampuni ivune faida ya wakala na kuukana uovu wake.

Na wafanyakazi wenzetu wasidhani haya ni mambo ya wasomi peke yao. Hila inayojaribiwa bwenini Jumatatu hufika sokoni Ijumaa. Wakati wa kufundishana ni sasa, nyumbani, kazini na katika mikutano ya matawi, kabla wenye sauti za upole hawajapiga simu tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.