Kupanda na Kutunza Masale ya Mpakani

Watu wengi wajengao nyumba mpya huko Shirimatunda hununua maua ya kupamba uwanja, wala hawaulizi habari za isale. Nasi twaona yafaa tueleze jinsi mmea huu upandwavyo na utunzwavyo. Ua la pambo likifa, hasara yake ni shilingi chache. Bali isale la mpakani likipandwa vibaya, au likifa bila mashahidi, laweza kuwagombanisha majirani kwa miaka mingi.

Isale lina shina jembamba lisimamalo wima na majani marefu yafananayo na ya muhindi. Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans, na neno lile la pili maana yake ni lenye kunukia. Maua yake ni madogo, meupe, nayo hufunguka jioni na kunukia sana usiku, hata mpita njia gizani ajua amefika penye masale. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu huliotesha chunguni, ndani ya nyumba, liwe pambo tu.

Kwa Wachagga si pambo tu. Tangu zamani za mamangi masale yalipandwa kuzunguka kihamba, yawe mpaka kati ya mtu na mtu, na makaburini pia yalipandwa. Tena mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kumwomba msamaha, na aliyepelekewa jani hilo huona vigumu mno kukataa. Ndipo waonapo wazee kuwa kung'oa isale la mpakani si kuharibu mmea tu.

Isale halipandwi kwa mbegu, bali kwa vipande vya shina, navyo aghalabu hupatikana bure kwa jirani. Chagua shina lililokomaa, lisilo laini wala lisilooza, ukate kwa kisu kikali vipande vya inchi 12 hadi 18. Hapa ndipo wengi hukosea: vipande vikiisha kukatwa vyafanana juu na chini, na kilichopandwa kichwa chini hakistawi. Basi upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate sawasawa, usichanganyikiwe. Viweke kivulini siku 1 au 2 hata jeraha likauke, kisha uzike theluthi moja ya kila kipande, na kuushindilia udongo kwa mguu.

Wakati mwema ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi. Watu wa juu, kama wa Kibosho, hawana shida nyingi, kwa kuwa mvua yao ni nyingi na migomba huwapa kivuli. Shirimatunda ni chini, jua lake ni kali na ardhi hukauka upesi. Mwenye kupanda huko hana budi kumwagilia maji mara 2 kwa juma hata machipukizi yatokee, na kuifunika ardhi kwa majani makavu ya migomba. Lakini asizidishe. Isale lapenda unyevu, ila halivumilii kusimama ndani ya maji. Shina likiwa laini na kutoa harufu mbaya, limekwisha kuoza, nalo ling'olewe. Samadi iwe iliyooza vema, isiligusie shina.

Kuna jambo jingine liwashangazao watu: ncha za majani kuwa kahawia na kukauka, ingawa maji yapo. Pengine ni jua, au ukame wa siku nyingi. Lakini pengine ni maji yenyewe. Chemchemi na visima vingine vya pande za Meru na Kilimanjaro vina floridi nyingi, ile ile itiayo meno ya watoto rangi ya kahawia, nayo isale hudhurika nayo kuliko mimea mingi. Mwenye masale ya chunguni na akinge maji ya mvua. Ya shambani yaachwe, hayafi kwa hilo.

Wadudu weupe kama pamba wakionekana penye maungio ya majani, wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na isale likirefuka mno, likatwe juu. Chini ya mkato huchipua matawi 2 au zaidi, mpaka ukawa mnene.

Sasa habari ya mpaka. Asipande mtu peke yake, hata kama ana haki. Awaite jirani yake na wazee wawili watatu, wanyoshe kamba, wapande mbele ya macho ya wote. Penye viwanja vilivyopimwa, isale halishindi bikoni ya Serikali. Basi mstari wa masale ufuate bikoni, wala usipandwe juu ya bikoni ukaificha. Twasema hivi kwa kuwa viwanja hugawanywa kati ya ndugu, na wengi wa wenye navyo wakaa Dar es Salaam au mbali zaidi. Warudipo wakati wa Krismasi, kabla ya kufungua mizigo, wengine huenda kwanza kutazama masale. Wakiona mstari umesogea, sikukuu imekwisha. Shauri likipelekwa baraza la kata, wajue kuwa tangu mwaka 2021 baraza hilo husuluhisha tu, halihukumu. Pasipo mapatano jambo huendelea mbele, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa gharama na siku nyingi.

Mwenye kukuta isale lake limekatwa usiku asifanye haraka kuchimba. Kisiki kilichobaki ardhini huchipua tena, na mahali pake ni pale pale palipokuwa. Likiwa limeng'olewa kabisa, mwenyewe awaite kwanza mashahidi walione shimo lingali bichi. Shina lililotupwa nalo lisichomwe. Hata likilala juani siku kadhaa huwa lingali hai. Na likatwe vipande, vikaushwe kama tulivyosema, vipandwe tena katika shimo lile lile, jirani akiwapo.