Safari ya Kariakoo au Kisangani: Umeze dawa ya kinga ya malaria?

GISENYI, Rubavu – Kila asubuhi wafanyabiashara kwa maelfu huvuka mpaka mdogo wa Petite Barrière kwenda Goma na karoti, kabichi na nyanya, na wengi hurudi kabla jua halijazama. Kwao swali la dawa ya kinga ya malaria halina uzito: ziwa ni lile lile la Kivu, na usiku wanalala kwao.

Swali huja mtaji unapokua na safari ikawa ya Kariakoo au Kisangani, wiki mbili au tatu ugenini.

Wengi hujibu: sisi tumezoea mbu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Aliyeugua malaria mara kwa mara tangu utotoni hujenga kinga kiasi, na dawa hizi zimekusudiwa hasa wasafiri wasio na kinga hiyo. Lakini Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Musanze ni juu zaidi. Aliyekulia kwenye baridi ya milimani akishuka Dar es Salaam, au akiingia ndani ya Kongo, nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria, mwili wake ni mgeni.

Anayeamua kumeza ana chaguo tatu kuu. Doxycycline humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Haifai kwa mjamzito. Atovaquone-proguanil nayo ni ya kila siku, ila huachwa siku saba baada ya kurudi. Mefloquine ni ya mara moja kwa wiki, huanza wiki mbili au tatu kabla, na huweza kuleta ndoto mbaya na wasiwasi. Hakuna inayokinga kwa asilimia 100, hivyo chandarua chenye dawa kisikose kwenye mzigo.

Kosa la hatari ni kumeza vidonge vichache vya dawa mseto "kujikinga". Hiyo ni dawa ya tiba. Tayari vimelea vyenye usugu kiasi kwa artemisinin vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, na dozi pungufu huwapa nafasi ya kuenea.

Homa ikianza safarini, au hata miezi mitatu baada ya kurudi, pima siku hiyo hiyo na useme ulikotoka. Nchini Rwanda, wahudumu wa afya wa vijijini wana kipimo cha haraka.

Mpakani unaweza kuulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuhusu malaria hakuna atakayekuuliza. Pita kituo cha afya wiki tatu kabla ya kukata tiketi, hasa kama una mimba au unasafiri na mtoto. Malaria ikikulaza ugenini, mzigo hulala nawe.