Hisabati Mlangoni mwa Sekondari Pevu

Mwanzoni mwa mwaka 2025, ilipobainika kwamba hisabati isingekuwa somo la lazima kwa wote katika sekondari pevu, kelele zilizuka kote nchini Kenya, hata ilipofika Aprili Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatamka kwamba kila mwanafunzi ataisoma: hisabati kuu kwa walio katika mkondo wa sayansi na teknolojia, na hisabati ya kimsingi kwa wale wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo. Mjadala ule, kwa rai yangu, ulikuwa wa haki lakini ulikuwa nusu, kwani wengi waliuliza nani asome, na wachache mno waliuliza anayeingia anaingia na nini.

Alama za KJSEA, mtihani wa mwisho wa sekondari msingi, hazijibu swali hilo. Viwango vyake vinane, pamoja na KPSEA ya mwisho wa shule ya msingi na tathmini za shuleni, vyatosha kumpangia mtoto shule na mkondo. Havimwambii mwalimu wa Kamusinga au wa Kitale ni ngazi ipi ya hisabati iliyovunjika.

Natuitazame ngazi hiyo kwa karibu, tukianza na hesabu za sehemu. Mwambie kijana wa Gredi ya 10 ajumlishe nusu na theluthi, na aghalabu utamwona akijumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, akapata 2/5, wala asishtuke kwamba jawabu lake ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Ilhali mkulima wa Trans Nzoia aliyekodi nusu ekari, kisha akaongeza theluthi, hawezi kukubali kuambiwa kwamba shamba lake limepungua. Kosa hilo likiachwa huvaa joho la aljebra: x/2 na x/3 zikawa 2x/5, na mwalimu akadhani udhaifu uko katika aljebra, kumbe uko katika sehemu.

Asilimia nazo vilevile. Tuseme gunia la mahindi la kilo 90 limenunuliwa sokoni Chwele kwa shilingi 3,600, likapimwa kwa gorogoro za kilo 2, zikapatikana 45, kila moja ikauzwa shilingi 100. Binti anayemsaidia mamaye kuuza atakwambia papo hapo kwamba faida ni shilingi 900. Lakini mwulize ni asilimia ngapi ya mtaji, naye atajibu 20, kwa kuwa ameona 20 katika kila 100, badala ya 25, yaani 20 katika kila 80 zilizotolewa mfukoni. Akili anayo, asichokijua ni kuuliza asilimia hiyo ni ya nini.

Sababu si uvivu wa watoto. Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi kufika Gredi ya 10 lilikuwa Gredi ya 4 mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa ajili ya korona, nalo likarejea Oktoba, hali huo ndio umri ambao somo la sehemu huanza kukolea. Kisha Januari 2023 likaingizwa katika sekondari msingi zilizowekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, ambako mwalimu aliyesomea masomo mawili alijikuta akibeba manne au zaidi. Wazee watakumbuka kwamba hata ile hisabati mpya, iliyoandaliwa katika mikutano ya Entebbe iliyoanza mwaka 1962, serikali iliiondoa mwaka 1981, na ugonjwa wa sehemu ukabaki palepale. Kwa hiyo tusiutwike mtaala peke yake dhambi hii.

Nawasihi basi walimu wa Gredi ya 10 wa Bungoma na Kitale, kabla ya kukimbilia vipeo na logarithmu, watenge wiki mbili tatu za kupima sehemu, namba hasi na uwiano, wakimtaka mwanafunzi aonyeshe njia wala si jawabu tupu. Na wazazi wasiione hisabati ya kimsingi kuwa fedheha.