Sanaa ya Umma baina ya Dola na Manispaa: Ugharimiaji, Utunzaji na Lugha ya Maandishi Awasse, Cabo Delgado

Sanaa ya umma, yaani sanamu, minara ya kumbukumbu na michoro ya ukutani iliyo wazi kwa kila mpita njia, hugharimiwa mara mbili: siku ya kusimamishwa na kila mwaka unaofuata. Makala haya yanaeleza mgawanyo wa gharama hizo nchini Msumbiji na maana yake kwa Awasse, njia panda ya wilaya ya Mocímboa da Praia ambako barabara itokayo Mueda hukutana na ile itokayo Macomia.

Manispaa za Msumbiji ziliwekewa msingi na Sheria Na. 2/97. Halmashauri ya manispaa huandaa bajeti, na baraza la wawakilishi huipitisha. Kwa mujibu wa Sheria Na. 1/2008, mapato hutokana na kodi na ada za mahali, ikiwamo kodi ya majengo, pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Manispaa, unaotengewa 1.5% ya mapato ya kodi ya taifa. Fedha hizo hugombewa na usafi, taa, barabara na masoko. Katika ushindani huo sanaa hukosa mtetezi. Hivyo basi, kazi kubwa hutoka kwa dola. Mfano ni sanamu ya Samora Machel katika Uwanja wa Uhuru, Maputo, iliyotengenezwa na Wakorea Kaskazini na kuzinduliwa tarehe 19 Oktoba 2011, ingawa nchi hiyo inasifika duniani kwa wachongaji wake wa Kimakonde.

Mji wa Mocímboa da Praia ulikuwa miongoni mwa manispaa 33 za mwanzo. Awasse si manispaa. Iko chini ya utawala wa wilaya, unaotegemea fedha za serikali kuu. Mkazi wake hana baraza la manispaa la kulihoji kuhusu mnara utakaojengwa mbele ya nyumba yake. Suala hili si dogo. Vita vilivyoanza wilayani humo Oktoba 2017 viliwatawanya wakazi, na Awasse ilikombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Julai 2021. Kumbukumbu yoyote ya miaka hiyo itaamua nani anakumbukwa, na kwa lugha ipi.

Kuhusu lugha, Katiba ya 2004 inakifanya Kireno kuwa lugha rasmi (Kifungu cha 10), lakini pia inazithamini lugha za taifa kuwa urithi wa utamaduni na elimu (Kifungu cha 9). Katika eneo hili husikika Kimakonde, Kimwani na Kiswahili. Maandishi ya Kireno pekee yangewaacha wengi wa waliofiwa wakitazama jiwe wasiloweza kulisoma. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inatoa funzo hata kama iliwekwa na wakoloni: maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, kwa hati za Kiarabu na za Kirumi, na tangu mwanzo ilikuwa chini ya tume maalumu ya makumbusho ya vita.

Kwa mantiki hiyo, mambo matatu yanafaa kuamuliwa kabla ya zabuni kutangazwa: kifungu cha bajeti cha utunzaji wa kila mwaka na ofisi itakayowajibika, nafasi ya mafundi wa mahali, na lugha za maandishi, zikiteuliwa pamoja na wakazi waliorejea. Kazi isiyo na majibu ya maswali hayo huwa mali ya siku ya uzinduzi tu.